Maji ya moto hayatoshi katika nyumba ya pampu ya joto: tanki ni dogo, au tatizo liko kwingine?

Tangu ruzuku ya serikali ya pampu za joto (mashine za umeme zinazovuna joto la nje ili kupasha nyumba na maji) ipandishwe hadi pauni 7,500 huku England na Wales, Oktoba 2023, watu wetu wengi wanaoishi huku wameng'oa boila za gesi na kuwekewa pampu nje ya nyumba na tanki la maji ya moto kabatini. Lalamiko linalofuata ni lilelile: "Maji hayatutoshi, wametufungia tanki dogo."

Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi tanki halina kosa: limepangiwa saa mbaya, shawa inamwaga kupita kiasi, au kuna vali imeshikwa na kutu. Kubadilisha tanki ni gharama kubwa na kunabomoa kabati zima, kwa hiyo inafaa ujue ugonjwa kabla ya kununua dawa. Maelezo haya ni ya nyumba za Uingereza zenye tanki la presha ya maji ya mtaa, ambalo ndilo linalofungwa siku hizi karibu kila mahali pampu inapowekwa.

## Namba tatu za kupata kwanza

Ujazo wa tanki umeandikwa kwenye kibandiko ubavuni: 150, 180, 210, 250, 300. Usikisie kwa macho, kwa sababu tanki lenye sponji nene huonekana kubwa kuliko maji yaliyomo.

Ya pili ni nyuzijoto zilizowekwa kwenye kidhibiti na saa ambazo maji hupashwa.

Ya tatu watu huiruka, nayo ndiyo inayosema mengi. Chukua ndoo ya lita 10, iweke chini ya shawa, fungua maji kama unavyofungua ukioga, kisha hesabu kwa simu. Ndoo ikijaa kwa dakika moja, shawa yako inatoa lita 10 kwa dakika. Ikijaa kwa sekunde 40, inatoa 15. Kama shawa yako ni ya umeme, yenye kisanduku chake ukutani na kamba ya kuwashia darini, haitumii maji ya tanki hata kidogo. Iondoe kwenye hesabu.

## Dalili: maji yanaisha kabla watu wote hawajaoga

Anza na ratiba. Fundi akimaliza kazi mara nyingi huacha mpangilio wa kiwandani, nao haujui kwamba kwako watu wanaoga saa kumi na mbili asubuhi. Panga upashaji umalizike nusu saa kabla ya foleni ya kuoga kuanza. Kisha angalia kiwango cha kuanzia tena. Tanki likiwekwa nyuzi 50 na pakawa na nafasi ya nyuzi 10, pampu haitawaka mpaka maji yashuke hadi 40. Ndiyo maana tanki linaweza kulala usiku kucha likiwa na nyuzi 42, pampu imenyamaza, na mtu wa pili kuoga akapigwa na baridi. Punguza nafasi hiyo iwe nyuzi 5, au weka saa ya kulazimisha upashaji alfajiri.

Kwa nyumba inayoswali, liangalie hili kwa makini. Mwezi wa Desemba alfajiri ya London huangukia karibu saa kumi na mbili asubuhi, saa ileile watoto wanajiandaa kwenda shule. Tawadha yenyewe hula maji kidogo, ila kila bomba likifunguliwa, maji ya moto hujaza njia nzima kutoka tankini na kubaki humo yakipoa. Bomba la shaba la milimita 15 hushika karibu lita moja na nusu katika kila mita 10. Watu watano wakipishana kwa nafasi ya nusu saa, lita kadhaa za maji ya moto zimeishia kwenye mabomba bila kumgusa mtu. Wakitawadha kwa kufuatana, hasara hiyo inapungua sana.

Sababu ya pili ni shawa. Kichwa kipana cha mvua kinaweza kutoa lita 15 kwa dakika na zaidi. Na wengi mmetoka kwenye boila ya gesi inayopasha papo kwa papo, ambayo haikujua neno "kuisha", kwa hiyo hamkuwahi kupima.

Sababu ya tatu ndiyo tanki lenyewe, na hapa nataka tupige hesabu pamoja, maana hesabu hii ndiyo inayochagua tanki.

Mtu huoga kwa maji ya nyuzi 40 hivi. Maji ya mtaa wakati wa baridi huingia yakiwa na nyuzi 8 au pungufu. Boila ya gesi ya aina yenye tanki ilikuwa inaliweka kwenye 60, kwa hiyo kila lita 10 za kuogea zilihitaji lita 6 tu kutoka tankini, zilizobaki zikawa baridi. Pampu ya joto tunaiweka kwenye 50, maana hapo ndipo inapokula umeme kidogo. Kwenye 50, lita 10 hizohizo zinataka zaidi ya lita saba na nusu kutoka tankini. Tanki ni lilelile, watu ni walewale, lakini maji yanaisha mapema. Hiyo ndiyo siri ya malalamiko mengi.

Chukua familia ya watu watano. Asubuhi wanne wanaoga kwa kufuatana, dakika 7 kila mmoja, shawa ya lita 9 kwa dakika: jumla lita 252. Zidisha kwa 0.76 (zile lita saba na nusu na kitu katika kila 10), unapata karibu lita 192 za kutoka tankini. Ongeza lita 15 za tawadha na vyombo, zinakuwa 207. Tanki halitoi kila tone likiwa moto, kwa sababu maji baridi huingia chini na kupanda. Hesabu asilimia 85. Gawa 207 kwa 0.85, jibu ni 244. Familia hii inataka tanki la lita 250.

Kama wamefungiwa la 180, lita zinazofaa ni 153, sawa na lita 200 za kuogea, yaani dakika 22 za shawa. Wa kwanza, wa pili na wa tatu wanaoga vizuri. Wa nne anapata dakika moja ya joto kisha maji baridi.

Sasa badilisha kichwa cha shawa tu, weka cha lita 6 kwa dakika. Lita 252 zinashuka hadi 168. Fuata njia ileile na utaishia kwenye lita 168 za tanki. Lile la 180 sasa linatosha, kwa kifaa kinachouzwa kwa pauni chache na kufungwa kwa mkono. Ndiyo maana nasisitiza ndoo kabla ya fundi.

Ukishindwa kupunguza shawa, pandisha tanki hadi 55. Tanki la 180 litatoa dakika 25 badala ya 22. Umeme utaongezeka, lakini si kwa kiwango cha kutisha.

Njia ya mkato ambayo mafundi wa huku huitumia ni lita 45 kwa mtu kwa siku, watu wakihesabiwa kwa vyumba vya kulala kuongeza mmoja, au kwa idadi yenu halisi kama ni kubwa zaidi. Sehemu ya mwisho ndiyo inayosahauliwa kwetu. Nyumba ya vyumba vitatu kwa karatasi ni watu wanne, lita 180. Ukiwa na watoto wanne na bibi amekuja kukaa, mko saba, na lita zinapita 300. Mwambie fundi idadi ya kweli kabla hajaandika karatasi ya mahesabu. Kama kuna hodhi la kuogea linalotumika kila siku, lihesabu nalo: kulijaza kunachukua lita 100 au zaidi kwa mara moja.

Lakini usinunue tanki kwa ajili ya wageni wa Idd au wa arusi. Kwa siku hizo chache pandisha nyuzi hadi 60 au washa hita ya umeme iliyo ndani ya tanki. Tanki la ziada utalilipia mwaka mzima, kwa sababu joto hupotea ubavuni mchana na usiku hata usipofungua bomba.

Sababu ya nne ni nadra: presha ya mtaa ni kali na maji baridi yanaingia kwa nguvu hadi yanakoroga tanki zima. Dalili yake ni kwamba joto linashuka polepole tangu mtu wa kwanza, badala ya kukatika ghafla mwishoni. Hiyo mwachie fundi.

## Dalili: tanki linachukua saa nyingi kupata moto, au halifiki kabisa

Kwanza jua muda wa kawaida. Kupasha lita 180 kutoka nyuzi 8 hadi 50 kunahitaji kama uniti (kWh) 8.8 za joto. Pampu ya kilowati 5 itachukua karibu saa moja na dakika 45, ya kilowati 8 saa moja na dakika chache. Ukiona saa mbili na pampu yako ni ndogo, hakuna kilichoharibika. Ukiona saa tano, endelea kusoma.

Mara nyingi chanzo ni koili ndogo (bomba lililojizungusha ndani ya tanki, linalopitisha joto la pampu kwenye maji), hasa pale tanki la zamani la boila ya gesi lilipoachwa "kwa kuokoa pesa". Boila ilisukuma maji ya nyuzi 70 au 80 ndani ya koili, na eneo lisilofika mita moja ya mraba lilitosha. Pampu inasukuma maji ya 50 au 55, kwa hiyo inahitaji eneo kubwa, karibu mita tatu za mraba kwa tanki la kawaida la familia. Kuna namna ya kulithibitisha bila kufungua kitu. Kaa mbele ya kidhibiti wakati maji yanapashwa na utazame namba mbili: joto la maji yanayotoka kwenye pampu na joto la tanki. Ikiwa ya kwanza inaruka hadi 55 ndani ya dakika chache, pampu inazima, inapumzika, inawaka tena, na tanki limeganda kwenye 42, basi joto linafika mlangoni na halipati pa kuingilia. Hapo mipangilio haitasaidia na lita zaidi hazitasaidia. Ni tanki lenye koili ya pampu ya joto, hakuna njia nyingine.

Ikiwa namba zote mbili zinapanda polepole mno, shika bomba linaloingia kwenye koili na lile linaloelekea kwenye redieta. Maji ya tanki yanapopashwa, bomba la redieta linatakiwa lianze kupoa. Likibaki moto, vali ya njia tatu imekwama katikati na nusu ya joto inakimbilia sebuleni. Mota ya vali hiyo hubadilishwa na fundi kwa muda mfupi.

Halafu kuna chujio la uchafu kwenye njia ya kurudi pampuni, na hewa iliyonaswa kwenye koili, ambayo utaisikia kama maji yanayobubujika kabatini. London na kusini-mashariki maji yana chokaa nyingi, na baada ya miaka ukoko hufunika koili, kama ule unaouona ndani ya birika lako. Siku za barafu pampu pia husimama kila mara kuyeyusha barafu iliyoganda kwenye mapezi yake ya nje, na muda unarefuka. Hiyo si hitilafu.

Simama hapa: usifungue pampu yenyewe wala mabomba yake ya gesi ya kupoozea. Aina nyingi mpya zinatumia gesi ya propani, nayo inawaka.

## Dalili: kidhibiti kinaonyesha 50 lakini bombani maji ni uvuguvugu

Pima kwanza kwa kipimajoto cha jikoni, bomba lililo karibu zaidi na tanki, baada ya kuacha maji yatiririke dakika moja.

Kama kila bomba ni vuguvugu, angalia vali ya kuchanganyia iliyo juu au kando ya tanki. Hiyo huongeza maji baridi ili mtu asiungue, na ikiwekwa chini mno au ikijaa chokaa, tanki zuri litaonekana bovu.

Kama ni bomba moja tu, shuku shawa au bomba la kuchanganya ambalo vali zake zimelegea, maji baridi yakavuka upande wa moto. Lijaribu hivi: zima upashaji, funga vali ya maji baridi yanayoingia tankini, kisha fungua bomba la moto. Presha ikiisha, maji yanatakiwa yakatike. Yakiendelea kutiririka kwa nguvu, yanatoka upande wa baridi kupitia bomba bovu mahali fulani nyumbani.

La mwisho ni kihisi cha joto kilichochomoka kwenye mfuko wake ubavuni mwa tanki. Hapo namba unayoisoma ni ya uongo. Lakini mifuko mingine iko nyuma ya kifuniko chenye nyaya za umeme wa nyumba. Kama ni lazima kufungua skrubu, mwite fundi.

## Dalili: maji yanatosha, bili ndiyo inayoua

Angalia hita ya umeme ya ndani ya tanki kabla ya kitu kingine. Swichi yake mara nyingi iko kabatini, na mtu aliiwasha siku moja akaisahau. Uniti 8.8 za kupasha tanki la 180, pampu inazipata kwa kula uniti tatu au nne za umeme; hita inakula zote 8.8. Ikishinda imewashwa, pampu haipati hata kazi ya kufanya.

Kisha angalia mzunguko wa kuua vijidudu. Bakteria wa lejionela, wanaoshambulia mapafu, huzaliana kati ya nyuzi 20 na 45, na hufa kwenye 60. Ndiyo maana mifumo mingi hupandisha tanki hadi 60 mara moja kwa wiki. Mara moja kwa wiki ni sawa. Kila siku ni hasara. Mtu asikushawishi kuuzima na kuliacha tanki kwenye 42 ili kuokoa senti, hasa mkiwa na mzee au mtu mwenye mapafu dhaifu nyumbani. Na kwa kuwa maji ya 60 huunguza ngozi katika sekunde chache, ile vali ya kuchanganyia ni lazima iwe inafanya kazi, zaidi sana pale watoto wanapooga.

Tanki kubwa kuliko haja linachangia, ila kidogo kuliko watu wanavyodhani. Tanki la kisasa la lita 250 hupoteza kama uniti moja na nusu ya joto kwa siku. Mabomba ya moto yasiyovishwa sponji ndani ya kabati yanaweza kuongeza hasara hiyo bila mtu kujua. Yavishe. Ni kazi ya jioni moja.

## Dalili: redieta zinapoa maji yanapopashwa

Hii ni kawaida. Pampu hufanya kazi moja kwa wakati. Kama nyumba inapoa kiasi cha kulalamika, gawa upashaji mara mbili, usiku wa manane na mchana, badala ya saa tatu mfululizo jioni.

## Dalili: maji yanadondoka kwenye faneli ya plastiki karibu na tanki

Hapa sibembelezi. Faneli ile ni dirisha la usalama. Maji yakipashwa hutanuka, na chombo cha upanuzi kikipoteza hewa yake, vali hufunguka na kudondosha. Mara nyingi ndicho chanzo, na fundi hukijaza hewa upya.

Lakini kama yanayotoka ni ya moto sana, au yanamiminika, zima pampu na hita, acha vali ya maji baridi wazi, na upige simu siku hiyohiyo. Usizibe bomba la kutolea maji kwa hali yoyote. Usiigeuze ile vali ili "inyamaze". Na kitufe cha usalama cha hita kikijikata zaidi ya mara moja, usiendelee kukibonyeza. Tanki la presha lisilo na pa kupumulia linaweza kupasuka na kubomoa nyumba.

Kisheria, England na Wales, tanki la namna hii linalozidi lita 15 hufungwa na kutengenezwa na mtu mwenye sifa ya G3, yaani aliyefuzu kanuni ya ujenzi inayohusu matanki ya maji ya moto ya presha. Muulize kadi yake, hata akiwa ni ndugu wa rafiki, na mpe kazi ya kulikagua kila mwaka.

## Kama hesabu imeonyesha kweli tanki ni dogo

Pima kabati kabla ya kushika katalogi. Tanki la lita 210 huwa na upana wa sentimita 55 hadi 60 na kimo cha kama mita moja na nusu. La 300 linaweza kukaribia mita mbili, na fundi bado anahitaji nafasi juu na mbele. La 250 likijaa lina zaidi ya kilo 300 likikaa kwenye duara dogo la sakafu. Ghorofani, kwenye mbao za nyumba ya zamani, sakafu ikaguliwe na mtu anayejua mihimili kabla halijapandishwa ngazi.

Ukisimama kati ya saizi mbili, na pampu yako ni ya kilowati 5 au chini yake, chukua kubwa, kwa sababu hutaweza kupasha upya kati ya mwogaji mmoja na mwingine. Ukiwa na pampu ya kilowati 8 au zaidi na mnaoga kwa zamu, asubuhi wengine na jioni wengine, ndogo itawatosha. Mwenye umeme wa bei nafuu usiku apende kubwa pia, ili apashe usiku na kutumia mchana kutwa.

Mambo ya kumtaka fundi aandike kwenye makadirio, si kuyasema kwa mdomo: ujazo wa tanki na idadi ya watu aliyoitumia, eneo la koili kwa mita za mraba, upana wa mabomba kati ya pampu na tanki (ya milimita 28 kwa pampu nyingi za familia, si 22 yaliyoachwa na boila), muda wa kupasha kutoka baridi wakati wa majira ya baridi, na mahali kihisi kitakapokaa. Kama pampu ilifungwa kwa ruzuku, aliyeifunga alipaswa kuwa na cheti cha MCS (mpango unaothibitisha wafungaji wa vifaa kama hivi) na kukuachia karatasi za mahesabu. Zitafute kabla ya kulipia tanki jipya. Ukikuta ameandika watu watatu na mko saba, anza kwa kumrudia yeye kwa maandishi.